Maua ya Meza ya Arusi Yatoke Shambani Mwako

Miezi ya Agosti na Desemba ni miezi ya arusi katika skimu nyingi. Shule zimefungwa, na ndugu wanaofanya kazi mjini wana nafasi ya kuja nyumbani. Kamati ya arusi hukaa na kuandika orodha ya mahitaji: hema, viti, mchele, nyama, keki na magari. Mwisho wa orodha huandikwa maua. Wapambaji wa mjini wakiisha kutaja bei yao, mara nyingi wazazi hutazamana bila kusema neno.

Mkulima mwenye ng'ombe hanunui maziwa ya pakiti. Basi, kwa nini mkulima mwenye udongo mzuri, maji na mbolea ya boma anunue maua? Sababu ni mbili. Ya kwanza, hakuyapanda kwa wakati. Ya pili, anadhani kupanga maua mezani ni ufundi wa watu wa mjini tu. Makala hii yataka kuonyesha kwamba kazi hiyo yaweza kufanywa na jamaa yo yote ya mkulima, mradi waanze miezi minne kabla ya siku ya arusi.

Wako watu wasemao kwamba maua ni anasa isiyojaza tumbo. Ni kweli, maua hayaliwi. Lakini mgeni aliyesafiri tangu alfajiri akikuta meza safi na maua mabichi hujua kwamba alingojwa. Heshima hiyo haihitaji deni. Afadhali kuwa na maua machache ya shamba lako kuliko kuuza ng'ombe mwenye maziwa kwa ajili ya mapambo ya saa sita, kisha vijana waanze maisha yao bila ng'ombe.

MAUA SI MGENI KATIKA SKIMU

Skimu kubwa za kuwapa watu makao zilipoanza mwaka 1962, wakulima wengi wa nyanda za juu walipewa mashauri ya kufuga ng'ombe wa maziwa na kulima pareto. Pareto ni ua, ingawa huuzwa kwa sababu ya dawa ya wadudu iliyo ndani yake. Wazee wengi wa Kinangop na Ol Kalou wakumbuka kuchuma maua hayo kwa mikono na kuyaanika juani. Baadaye, katika miaka iliyofuata 2000, malipo yalipochelewa, wakulima wengi waling'oa pareto.

Siku hizi wakulima wadogo wa Kinangop hulima maua mengine ya kuuza ng'ambo, kama vile arabikamu, ua jeupe lenye kitovu cheusi. Karibu nao, kando ya ziwa Naivasha, yako mashamba makubwa ya waridi. Kwa hiyo maarifa ya maua yapo kwetu. Lililosalia ni kuyaleta maarifa hayo mezani petu.

HESABU MEZA KWANZA

Kabla ya kupanda mbegu moja, kamati na ihesabu meza. Katika arusi nyingi za shambani wageni walio wengi huketi safu safu chini ya hema, na sahani zao huziweka mapajani. Meza ni chache. Tuseme ziko hizi:

Meza ya maarusi, vyombo vitatu vya maua.
Meza mbili za wazazi, chombo kimoja kila meza.
Meza mbili za wazee na viongozi wa dini, chombo kimoja kila meza.
Meza ya keki, chombo kimoja.

Jumla ni vyombo vinane. Chombo kimoja cha kadiri chatosha kwa maua makubwa 5, maua madogo 7, na vitawi 8 vya majani. Basi vyombo vinane vyahitaji maua makubwa 40, madogo 56 na vitawi 64. Maua mengine yatavunjika, na mengine yataliwa na wadudu. Ongeza moja ya tano, upate kama maua makubwa 50, madogo 70 na vitawi 80.

Hesabu hii ndiyo itakayokuonyesha kwamba kazi si kubwa. Tuta la upana wa meta 1 na urefu wa meta 6 lachukua miche 60 ya zinia, kwa nafasi ya sentimita 30 kila upande. Nalo ni dogo kuliko tuta la sukuma wiki lililo nyuma ya jiko lako.

Tuseme mpambaji angedai shilingi 1,500 kwa kila chombo. Vyombo vinane ni shilingi 12,000. Weka fedha hizo kando ya bei ya pakiti mbili za mbegu, kisha uamue mwenyewe.

WAKATI WA KUPANDA

Shika tarehe ya arusi, kisha hesabu kurudi nyuma. Zinia, kosmosi na alizeti za maua huchukua kama miezi miwili hadi miwili na nusu tangu mbegu mpaka ua. Gladiola hupandwa kwa vitunguu vyake, nayo huchukua kama miezi mitatu. Dalia vile vile. Mahali pa baridi, ongeza majuma matatu au manne.

Usipande zote siku moja. Gawa mbegu au vitunguu mafungu matatu, upande fungu moja kila baada ya siku kumi. Mvua ikichelewa au jua likizidi, fungu moja angalau litaiva siku unayoitaka.

Kila mahali pana maua yake. Katika sehemu za joto la kadiri, kama vile Lugari na Muhoroni, zinia, kosmosi na alizeti husitawi vizuri. Nyanda za juu kama Kinangop, penye baridi ya usiku inayounguza majani ya viazi, zinia na dalia zaweza kufa kwa usiku mmoja. Huko afadhali kutegemea waridi, kanesheni, gladiola, na yale maua makubwa meupe ya mfano wa faneli yanayopenda mahali penye maji, yaitwayo lili ya aramu. Ukiwa na mtaro usiokauka karibu na kisima, panda lili hizo leo. Zikiisha kushika hazitaki kazi nyingi.

Kwa majani mabichi, tumia matawi machanga ya mkaratusi, au kangaga, yale majani ya mtoni yafananayo na manyoya ya ndege. Panda kangaga chache kivulini nyumbani. Usiende kukata katika msitu wa Serikali bila ruhusa.

Maua hupenda mbolea ya boma iliyooza vizuri. Mbolea mbichi, au mbolea ya chumvi nyingi, hukuza majani mengi na maua machache.

KUKATA MAUA

Maua mengi huharibika kwa sababu hukatwa vibaya. Arusi ikiwa Jumamosi, kata maua Alhamisi jioni au Ijumaa asubuhi na mapema, jua halijapata nguvu. Dalia zikatwe Ijumaa, maana hazidumu.

Chukua ndoo ya maji mpaka tutani. Usikate na kubeba mkononi, ukasimama njiani kuzungumza na jirani. Bua likikatwa na kukaa hewani, hewa huingia katika mirija yake na kuzuia maji kupanda. Ndiyo sababu ua huinamisha kichwa ingawa limetiwa majini. Tumia kisu kikali, ukate kwa mshazari.

Kila ua lina wakati wake wa kukatwa:

Waridi likatwe petali za nje zinapoanza kulegea. Likiwa gumu kama risasi huenda lisifunguke kamwe.

Gladiola ikatwe maua mawili au matatu ya chini yanapoanza kuonyesha rangi. Yaliyobaki yatafunguka ndani ya maji.

Dalia ikatwe ikiwa imefunguka karibu yote, kwa sababu haiendelei kufunguka baada ya kukatwa.

Zinia ina jaribio lake. Shika bua kiasi cha sentimita 20 chini ya ua, ulitikise polepole. Bua likipinda, ua bado. Likisimama imara, likate.

Ukifika nyumbani, ondoa majani yote yatakayozama majini, maana yataoza na kuchafua maji. Ndoo iwe safi kama ndoo ya kukamulia. Katika kila lita ya maji tia kijiko kimoja cha chai cha sukari na matone machache ya dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe. Sukari ni chakula cha ua, na dawa huua vijidudu. Usitie sukari bila dawa, maana utakuwa unalisha vijidudu.

Weka ndoo usiku kucha katika chumba chenye baridi na giza, pasipo upepo. Lakini usiiweke katika ghala lenye ndizi zinazoiva, parachichi au nyanya. Matunda yanayoiva hutoa hewa isiyoonekana iitwayo ethilini, nayo huyazeesha maua upesi. Kanesheni iliyolala na ndizi hufumba kama iliyochoka, wala haifunguki tena.

KIPIMO CHA KIWIKO

Sasa twafika kwenye kazi ya kupanga. Kosa lililo la kawaida ni kuweka mti mzima wa maua katikati ya meza. Wageni hawaonani. Baba wa bibi arusi ameketi akimwelekea baba wa bwana arusi, na kati yao pana kichaka. Baada ya robo saa mtu huinuka, akakitia chombo kile chini ya meza, na kazi yote imepotea.

Maua ya meza yawe mafupi. Kipimo chake unacho mwenyewe. Keti, weka kiwiko mezani, usimamishe mkono. Chombo pamoja na maua visipite kifundo cha mkono wako. Hapo watu wataonana na kuzungumza. Na upana wake usizidi theluthi moja ya upana wa meza. Meza ya sentimita 75 yataka maua ya upana wa sentimita 25 tu, ili sahani, gilasi na chupa za soda zipate mahali.

NAMNA YA KUPANGA

Chombo chaweza kuwa bakuli la udongo, sufuria ndogo iliyozungushiwa kitambaa, au nusu ya kibuyu yenye kopo ndani. Vyombo vyote viwe vya namna moja au rangi moja, vipate kupatana. Kiwe kizito chini. Tia changarawe safi, kwa sababu upepo wa hemani hauna adabu.

Wapambaji wengi hutumia sponji ya kijani ya kuchomekea maua, iliyobuniwa Marekani mwaka 1954. Ni rahisi kutumia, lakini ni ya plastiki, wala haiozi. Ikitupwa shambani hukatika vipande vidogo vidogo na kubaki udongoni. Wewe una kitu bora zaidi: waya wa kuku. Kata kipande cha sentimita 30 kwa 30, ukikunje kama mpira uliolegea, ncha zikielekea ndani zisikuchome, ukitie katika bakuli. Matundu yake yatashika mabua. Baada ya arusi uoshe, uukaushe, uuweke kwa arusi ijayo.

Kisha fuata utaratibu huu:

1. Tia maji safi mpaka robo tatu ya chombo.

2. Chomeka majani kwanza, pande zote, mengine yalale kidogo ili kuficha ukingo wa bakuli na waya.

3. Chomeka ua moja kubwa katikati. Hilo ndilo refu kuliko yote. Lipime kwa mkono wako.

4. Weka maua manne makubwa kulizunguka, mafupi kidogo, yakitazama nje. Meza huzungukwa na watu, kwa hiyo chombo kisiwe na mgongo.

5. Jaza nafasi kwa maua madogo. Usijaze mno. Ua likibanwa haliwezi kufunguka.

6. Kizungushe chombo polepole, ukitazame ukiwa umeketi, kwa sababu mgeni atakitazama akiwa ameketi.

Juu ya rangi, rangi mbili pamoja na kijani zatosha. Nyeupe na manjano, au nyeupe na nyekundu, hupendeza katika hema. Ukitia kila rangi iliyo bustanini, meza itafanana na duka la vitambaa.

Panga vyombo Ijumaa usiku au Jumamosi alfajiri, uviache chumbani penye baridi. Vipelekwe mezani saa moja tu kabla ya wageni kuingia. Chini ya hema la plastiki wakati wa adhuhuri pana joto la kutosha kuunguza kazi ya miezi minne. Mtu mmoja wa kamati apewe kazi ya kuongeza maji. Asipotajwa kwa jina, kila mmoja atadhani mwenzake amefanya.

MAUA YASIYOFAA MEZANI

Hapa lazima tuwe waangalifu, maana meza ya arusi ni meza ya chakula, na watoto hushika kila kitu.

Lile ua kubwa jeupe au la manjano linaloning'inia kama tarumbeta, lipandwalo katika nyua nyingi za nyanda za juu, lina sumu tangu mizizi mpaka mbegu. Lisiletwe karibu na chakula. Oleanda nayo, yenye maua mekundu mepesi au meupe, ina sumu kali. Hata kijiti chake kisitumiwe kuchomea nyama.

Mobidiki, yale maputo ya kijani yenye nywele, hupendeza sana, lakini utomvu wake mweupe ni sumu nao huwasha macho. Lili ya aramu huwasha kinywa ikitafunwa. Maua hayo mawili yafaa meza za wazee, si meza ya watoto wala ya keki, na mpangaji anawe mikono kabla ya kushika chakula.

Maua yaliyonyunyizwa dawa ya wadudu yasiguse keki. Ukitaka ua juu ya keki, tenga miche michache isiyonyunyizwa kamwe, nawe ulijue ua lenyewe kuwa halina sumu. Waridi lafaa. Funga bua lake kwa karatasi safi kabla ya kuliweka.

KWA WAKULIMA WA PWANI

Wakulima wa skimu za pwani wana joto lisilopendwa na gladiola wala kanesheni, lakini wana hazina yao. Asumini, mkadi na rehani vimetumika katika arusi za pwani tangu zamani, katika vikuba na mapambo mengine. Hivyo vyafaa mezani vile vile. Asumini huchumwa vikiwa vikonyo alasiri, hufungwa katika kitambaa kibichi, kisha hufunguka magharibi na kutoa harufu. Sahani pana yenye maji kidogo, asumini zikielea, na majani ya rehani kando, ni pambo la meza lisilozuia macho ya mtu.

JE, YAWEZA KUWA BIASHARA?

Yawezekana, lakini anza pole pole. Ukiisha kupamba arusi ya mwanao vizuri, majirani watauliza. Chema chajiuza. Kundi la akina mama kumi, kila mmoja na tuta moja, laweza kupamba arusi za kanisa zima au za mtaa mzima, na vyombo vile vile vikatumika mwaka hata mwaka. Andikeni mapatano: vyombo vingapi, siku gani, bei gani, na nani atarudisha bakuli. Pokeeni nusu ya malipo mbele, maana siku ya arusi kila mtu ana shughuli.

Kuuza maua ng'ambo ni jambo jingine. Wanunuzi hutaka urefu sawa, rangi sawa na siku ile ile, na hukataa mengi. Usilime nusu ekari kwa maneno ya mtu aliyepita na gari. Taka mkataba wa maandishi unaoonyesha bei na siku ya kulipa, uupeleke kwa afisa wa kilimo wa wadi yako ausome pamoja nawe kabla hujapanda. Wala usipunguze shamba la mahindi na viazi vya jamaa yako kwa tumaini la maua.

Kwa mwaka huu, tuta moja latosha. Ikiwa una kijana atakayeoa au binti atakayeolewa Desemba, mbegu zitiwe kitaluni mwishoni mwa Agosti au Septemba, na lili mtaroni hata kabla ya hapo. Waulize majirani vitunguu vya gladiola na vipandikizi vya waridi. Wengi watakupa bure. Halafu, siku kamati itakapokaa na kufika kwenye neno maua katika orodha yake, andika mbele yake: yako shambani.